Kabla Hujajaza Ualimu

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu ya mwalimu kama mimi haitulii. Anayepiga ni mzazi, au mjomba, au kijana mwenyewe aliyepewa namba na mama yake. Habari zao hufanana. Alikuwa tahasusi ya PCB, prinsipo mbili kazipata, ila udaktari umempita kando. Alikuwa HGL, moyo wake ulikuwa kwenye sheria, lakini kaka zake wamemwambia mawakili wamejaa mjini. Kisha linakuja swali ambalo jibu lake limeshapitishwa sebuleni, na sasa linatafutiwa baraka: "Mwalimu, huoni bora achukue tu ualimu?"

Nami huuliza langu: huyo mtoto amewahi kumfundisha mtu? Mdogo wake, mtoto wa jirani, mwenzake wa bwenini? Ilikuwaje? Wengi hushangaa, maana walitegemea niulize ufaulu. Ufaulu una mahali pake, na Tume ya Vyuo Vikuu imeshauwekea viwango. Lisilowekewa kiwango na yeyote ni kama mtu huyu anataka kuishi na watoto na somo lake kwa miaka 36, tangu atoke chuoni akiwa na umri wa miaka 24 mpaka astaafu kwa lazima akiwa na 60. Hilo anapaswa kujipima mwenyewe, na linapimika, tena kwa wiki chache, kabla ya kulipa ada ya maombi.

Tuutendee haki kwanza huo urahisi unaowavuta watu, kwa kuwa haukutoka hewani. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na kwa miaka mingi miongozo yake imeuweka ualimu, hasa wa sayansi na hisabati, miongoni mwa kozi za kipaumbele. Kwa mtoto wa mkulima wa Kasulu au Nanyumbu, kozi yenye matumaini ya mkopo na kozi isiyo nayo ni tofauti ya kusoma na kubaki nyumbani. Simlaumu hata chembe anayeliangalia hilo kwanza. Nafasi vyuoni nazo ziliongezwa makusudi: Chang'ombe na Mkwawa vikafanywa vyuo vikuu vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2005 ili sekondari zipate walimu, na Chuo Kikuu cha Dodoma kikafuata mwaka 2007. Juu ya yote kulikuwa na ajira. Mhitimu wa ualimu wa zama zile hakuandika barua ya kuomba kazi. Majina yalitoka, kila mmoja na halmashauri yake, unafunga godoro lako unapanda basi kwenda kuripoti.

Hayo ya majina yamekwisha. Baada ya 2015 mkondo ule ulikatika. Nafasi zikawa zinatoka kwa mafungu, maombi yanapitia mtandaoni, na waombaji wanazidi nafasi kwa mbali. Mwanzoni mwa 2025 walimu waliitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira kama wanavyoitwa wahasibu na maofisa ugavi, na miongoni mwao walikuwamo watu waliohitimu miaka mingi nyuma. Wengine katikati ya hapo walikuwa wakijitolea katika shule za kata kwa posho inayotokana na michango ya wazazi, wengine kwenye shule binafsi, wengine kwenye vituo vya tuisheni, wengine kwenye bodaboda. Kwa hiyo kijana anayeuchukua ualimu leo kwa sababu ajira yake ni ya uhakika, anaongozwa na taarifa aliyoirithi kwa shangazi yake. Aliyewahi kusubiri ajira kwa miaka sita huku akifundisha bila mshahara atakwambia kitu kilichomfanya asiachie: alikuwa anaipenda kazi. Asiyeipenda hukata tamaa mwaka wa pili wa kusubiri, na ni haki yake.

Mkopo nao una upande wa pili ambao hauzungumzwi wakati wa kujaza fomu. Ukiajiriwa, makato yake ni asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Mwalimu wa shahada huingia kazini kwenye ngazi ya mshahara ya TGTS D, stashahada kwenye C, cheti kwenye B. Ni mshahara wa kuishi, si wa kutajirika, na ukiyatoa makato ya mkopo na ya mfuko wa hifadhi ya jamii utabaki na fungu la kulipangia kwa uangalifu. Mtu anaweza kuishi nalo kwa heshima. Lakini fikiria kuona makato hayo kwenye hati ya mshahara kwa miaka mingi, yakilipia elimu uliyoichukua kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine.

Kuhusu likizo ndefu sina la kusema sana. Mtafute mwalimu wa kidato cha nne, umuulize Juni iliyopita alikuwa wapi. Atakwambia alikuwa shuleni, kwenye kambi ya masomo, na darasa lake.

Wanaochagua kwa urahisi si vijana peke yao. Nchi nayo imewahi kubanwa na haraka. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka watoto wote wawe shuleni ifikapo 1977, na kwa kuwa walimu hawakuwapo, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafunzwa ualimu huku wakifundisha. Baadhi yao walikuja kuwa walimu ambao vijiji vizima vinawakumbuka mpaka leo. Miaka ya 2000 mpango wa kupanua sekondari, MMES, ukaanza mwaka 2004, shule za kata zikaota kila mahali, na vijana wa kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache wakapelekwa darasani. Mtaani wakabatizwa "voda fasta". Lilikuwa jina la kejeli, na halikuwastahili wale waliojitahidi. Kisha yakaja matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013: zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, na Waziri Mkuu akalazimika kuunda tume ya kuchunguza. Sababu zilikuwa nyingi, maabara zisizokuwapo, vitabu vya kugombania, lugha ya kufundishia, na haitakuwa haki kuwatwisha walimu peke yao mzigo ule. Ila shule nyingi za wakati huo zilikuwa na walimu waliofika pale kwa kuwa ndipo mlango ulipokuwa wazi, na waliokuwa wanatazama mlango mwingine tangu siku ya kuripoti.

Mwalimu wa namna hiyo hagombani na mtu. Si mlevi, hachelewi sana, na mkaguzi akija anakuta andalio la somo limeandikwa. Kosa lake huonekana darasani tu, na linaonekana kwa watoto ambao hawana pa kulisemea. Chukua kidato cha kwanza cha shule ya kata. Mtoto amesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili. Januari anaingia sekondari anakuta kila kitu, isipokuwa Kiswahili chenyewe, kiko kwa Kiingereza. Mwalimu anayejali atapoteza wiki nzima za mwanzo akimvusha neno kwa neno, atamwacha aseme kwa lugha anayoiweza kisha amsaidie kulisema lile lile kwa Kiingereza, atarudia kesho, atarudia keshokutwa. Yule mwingine atampa kiranja daftari lake ayaandike yote ubaoni, darasa linakili, kengele inalia. Kipindi kimefundishwa, shajara imesainiwa. Mtoto amenakili kurasa tatu asizoelewa hata sentensi moja, na anajiona ni yeye mwenye kichwa kigumu.

Hesabu watoto hao. Hata ukipokea wapya 50 tu kwa mwaka, na wengi mtapokea zaidi ya hao, kwa miaka 36 ni watoto 1,800. Ninapomsikia mzazi akisema "achukue tu ualimu, maisha yaende," huwa namwona mtoto wake, na nawaona hao 1,800 wamekaa nyuma yake. Nao wana wazazi.

Wapo watakaodhani kwamba nataka kila mwalimu awe ameota ualimu tangu akiwa na umri wa miaka saba. La hasha. Nimefanya kazi na walimu hodari walioingia kwa bahati tu, wakaipenda kazi ndani ya mwaka wa kwanza, wakabaki. Wala simaanishi kuwa mwenye moyo wa ualimu anyamaze kuhusu mshahara, nyumba na madaraja. Anayedai haki yake kwa sauti na kesho yake akaingia darasani amejiandaa, huyo ana moyo kuliko anayenyamaza na kufundisha ovyo. Moyo ninaousema ni kitu kidogo zaidi na cha kila siku: kwamba kutoelewa kwa mtoto kunakusumbua, na unataka kukumaliza.

Kuna jambo moja katika namna tunavyousifu ualimu ambalo hunikera. Tukitaka kuupamba, tunawataja marais. Nyerere alifundisha St Mary's ya Tabora na St Francis ya Pugu. Mwinyi alikuwa mwalimu Zanzibar. Magufuli alifundisha kemia na hisabati Sengerema. Ni kweli tupu na ni fahari. Lakini wote hao tunawakumbuka kwa waliyoyafanya baada ya kutoka darasani. Nyerere mwenyewe aliacha kazi Pugu mwaka 1955 ili aitumikie TANU. Kijana akisikia sifa za namna hii kila siku ataamini kwamba ualimu ni kituo cha kupandia gari la kwenda kwingine. Mimi ningependa tuwataje zaidi waliobaki. Kenya, kwa mfano, ina Ndugu Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko na mwalimu wa hisabati na fizikia katika Keriko Mixed Day, sekondari ya kijijini Njoro, kaunti ya Nakuru, ambaye mwaka 2019 alipewa Global Teacher Prize, tuzo ya dola milioni moja. Alikuwa akitoa asilimia 80 ya kipato chake kwa ajili ya wanafunzi na watu wa pale. Simtaji ili uige asilimia hiyo. Yeye ni mtawa, wewe utakuwa na watoto wa kulisha. Mtazame kwa jambo jingine: katika shule isiyo na vifaa alikuza klabu ya sayansi mpaka wanafunzi wake wakafikia kuiwakilisha nchi kwenye maonyesho ya kimataifa ya sayansi Marekani. Jambo kama hilo hutokana na mtu anayebaki shuleni jioni kwa kuwa anataka kuona kama kifaa walichokiunda watoto kitafanya kazi.

Sasa kipimo chenyewe. Kati ya matokeo na kufunguliwa vyuo kuna miezi mitatu hivi, na wengi wenu, hata mliopitia JKT, mtakuwa na muda wa bure ndani yake. Shule za sekondari na msingi hufunguliwa Julai. Vaa vizuri, nenda shule iliyo karibu na kwenu, muone mkuu wa shule au mwalimu mkuu, mwambie umemaliza kidato cha sita na unafikiria kusomea ualimu, unaomba kusaidia kwa wiki mbili au tatu bila malipo. Shule nyingi zitakupokea kwa mikono miwili kwa sababu vipindi ni vingi na walimu ni wachache. Omba uketi nyuma ya darasa kwanza, siku kadhaa. Kisha omba kikundi cha watoto wachache walio nyuma kwenye somo unalolimudu, uwe nao jioni.

Hapo ndipo utakapojiona. Nitoe mfano mmoja, nao nauona kila mwaka. Unampa mtoto swali: nusu kujumlisha theluthi. Anaandika 2/5. Unamweleza kutafuta asili inayofanana, anaitikia kwa kichwa, unampa jingine la namna ile ile, anakosea vile vile. Unamweleza tena. Mara ya tatu anaandika tena namba za juu zimejumlishwa kwa juu, za chini kwa chini. Ni nini kinachotokea ndani yako dakika hiyo? Wapo wanaopandwa na hasira, na neno "mjinga" linafika mdomoni. Wapo wanaochoka, wakamwonyesha jibu ili waondoke. Na wapo ambao ghafla wanataka kujua: kwani huyu anafikiri nini? Huyo wa tatu atagundua kwamba mtoto hakubahatisha. Ana kanuni yake, na anaifuata kwa uaminifu: juu kwa juu, chini kwa chini. Ni kanuni iliyo sahihi kwenye kuzidisha, ameihamishia kwenye kujumlisha. Kwa hiyo utaacha kumhubiria asili, utamuuliza: 2/5 na nusu, ipi kubwa? Atachora, atahesabu, atasema nusu. Umeanza na nusu, ukaongeza kitu, ukapata pungufu ya nusu, inawezekana? Atakaa kimya kidogo, kisha utamwona anacheka, au anafuta kwa nguvu. Ikiwa dakika hiyo ilikupa raha ambayo ulitaka kwenda kumsimulia mtu nyumbani, jaza ualimu. Ikiwa ulikuwa unatazama saa, usijidanganye, na wala usijione mbaya. Kuna kazi nyingi za heshima zisizodai subira ya namna hiyo.

Omba pia kusaidia kusahihisha. Mwalimu mwenye mikondo mitatu ya wanafunzi 60 ana madaftari 180. Ukimpa kila mmoja dakika mbili tu, zoezi moja ni saa sita. Watu wengi wanaopenda kusimama mbele ya darasa hawajui kwamba sehemu kubwa ya ualimu hufanyika umekaa, usiku, mkono unauma, ukisoma kosa lile lile kwa mara ya arobaini. Shika rundo moja uone. Usisahihishe kwa kupiga vyema na mikosi peke yake. Andika pembeni ya kila kosa ni wapi mwanafunzi alipopotea. Asubuhi utajijua.

Shinda pia siku nzima na mwalimu wa zamu, tangu namba ya asubuhi hadi usafi wa jioni. Utaona mtoto aliyekuja bila kula, aliyechelewa kwa sababu alipitia kisimani, msichana anayehitaji kwenda nyumbani na anaona aibu kusema kwa nini. Ualimu una mengi ya hivyo, nayo hayamo kwenye tahasusi yoyote. Kisha ingia darasani saa nane mchana, kidato cha pili, jua linachoma bati, nusu ya darasa inasinzia kwa njaa. Kipindi hicho kina dakika 40 kama cha saa mbili asubuhi, na lazima kifundishwe.

Ukiongea na walimu, chagua wa kuongea nao. Ofisi ya walimu wakati wa mapumziko ina malalamiko yake, mengi ya kweli, lakini ukisikiliza hayo tu utaondoka na nusu ya habari. Mtafute mwalimu aliyefanya kazi miaka mitano hadi kumi, umuulize ni mada gani anaifundisha vizuri zaidi sasa kuliko alipoanza, na alijifunzaje. Akiwa na jibu, ataongea nusu saa bila kupumua, na wewe sikiliza kila neno. Muulize pia kituo chake cha kwanza kilikuwaje: nyumba aliipata wapi, maji yalitoka umbali gani, mshahara wa kwanza ulichelewa kiasi gani, nani alimsaidia. Hayo nayo ni ya kujua mapema, maana unaweza kupangiwa mahali ambapo basi hupita mara moja kwa siku.

Ukiwa umejipima na moyo umekubali, bado kuna uamuzi ambao vijana huufanya kwa haraka mno, nao ni wa masomo ya kufundishia. Ualimu una mapenzi mawili, ya watoto na ya somo, na ukikosa moja utachechemea. Shahada nyingi za ualimu wa sekondari, kama zile za sanaa na elimu au sayansi na elimu, zitakutaka uchukue masomo mawili ya kufundishia pamoja na saikolojia, mbinu na falsafa ya elimu. Usiyachague masomo hayo kwa kuangalia lipi lilikupa alama nzuri kwa kukariri. Jiulize ni somo gani ambalo ungelisoma hata kama hakuna mtihani. Mwalimu wa jiografia anayesoma mawingu kila asubuhi kwa hamu yake mwenyewe, wanafunzi wake huyasoma pia.

Ni kweli kwamba walimu wa fizikia, hisabati na kemia wanatafutwa zaidi, na kwamba mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024, wenye msisitizo wa umahiri na mkondo wa amali, utahitaji walimu wa fani ambazo shule hazikuwa nazo. Yazingatie hayo. Lakini ikiwa fizikia uliipita kwa kusukumwa, usiende kuifundisha kwa kuwa ina soko. Hakuna kitu kinachoua somo shuleni kama mwalimu anayeliogopa. Wanafunzi humnusa wiki ya kwanza, na hofu yake inakuwa yao.

Kwa wasomaji wa Kenya niongeze jambo moja la kiutaratibu ambalo limewaumiza wengi: kabla hujachagua shahada ya ualimu kupitia KUCCPS, hakikisha una C+ kwa jumla na C+ katika kila moja ya masomo mawili unayotaka kufundisha. Chuo kinaweza kukupokea ukasoma mpaka mwisho, kisha TSC ikakataa kukusajili.

Na wewe unayelipenda somo lakini kukaa na watoto kumekushinda kwenye zile wiki mbili? Soma shahada ya somo lenyewe. Mlango wa ualimu haufungwi kwa kuupita leo. Ipo stashahada ya uzamili katika elimu, inayotolewa na vyuo kadhaa kikiwamo Chuo Kikuu Huria, kwa ajili ya watu wenye shahada nyingine wanaotaka kuwa walimu. Nimeona watu waliofanya kazi viwandani au benki wakaja kuufuata ualimu wakiwa na miaka 35, wakijua wanachokuja kukifanya, na darasa likanufaika na yale waliyoyaona huko nje. Kuchelewa kwa namna hiyo ni bora mara nyingi kuliko kuwahi kusikokuwa na nia.

Wazazi wenzangu, najua mnachokihofia. Mtoto akikosa chuo mwaka huu, mwakani kuna mwingine anayemaliza, na fedha ni ile ile. Lakini msiuweke ualimu kwenye orodha kama mahali pa kumhifadhi. Wekeni kozi tatu au nne ambazo kweli anaziweza na anazitaka, ualimu ukiwamo ikiwa amejipima, na mkae naye mzungumze kila moja inampeleka wapi. Akisema hataki kufundisha, msimkumbushe kwamba mjomba wake ni mwalimu na amejenga. Mjomba amejenga kwa sababu nyingine pia.

Limebaki kundi moja, na kwa hakika ndilo linaloniuma zaidi: wewe ambaye tayari uko mwaka wa kwanza au wa pili, uliingia kwa kuwa mkopo ulipatikana, na usiku unajiuliza kama umepotea. Kama bado ni mwanzo wa mwaka wa kwanza, ulizia utaratibu wa kuhama kozi, upo na una tarehe zake, na usione haya kuutumia. Kama muda huo umepita, una kitu ambacho kijana wa kidato cha sita hana, nacho ni mazoezi ya kufundisha. Wanafunzi wengi huyachukulia kama wiki za kukusanya saini. Mimi ninapowapokea shuleni kwangu huwashauri waombe mkondo ambao walimu wengine wanaukwepa, wajifunze majina ya wanafunzi wote ndani ya wiki ya kwanza, na kila jioni waandike mistari michache: leo nani hakuelewa, na kesho nitamfikiaje. Fanya hivyo mpaka siku ya mwisho ya mazoezi, kisha usome daftari lako lote kwa mara moja.

Ukikuta kwamba ile mistari ya "nitamfikiaje" imekuwa mirefu kadiri siku zilivyokwenda, umeshakuwa mwalimu, hata kama uliingia kwa mlango wa mkopo. Ukikuta imefupika mpaka ikakoma, maliza shahada yako kwa bidii, kwani ina thamani katika uandishi wa vitabu, utafiti, uendeshaji wa miradi na ofisi nyingi zinazohitaji mtu anayejua watu wanavyojifunza, na anza sasa kutafuta nafasi za kujitolea huko. Nafasi ya darasani, ikitangazwa, mwachie mwenzako anayeililia.